Ngina, kwa Saa ya Daktari

Waruguru amefanya kazi miaka kumi na mmoja katika kiwanda kidogo cha kuangulia vifaranga huko Murera, na kwa muda wote huo hajawahi kuona yai likibembelezwa. Yai huingia kwenye mashine siku ya kwanza, siku ya kumi na nane huhamishiwa trei za chini, na siku ya ishirini na moja hupasuka. Siku inayofuata yeye huvaa glavu na kufungua mlango. Aliyetoka ametoka. Lisilopasuka haliombewi, hutolewa kabla halijaanza kunuka. Kwa hiyo alipoambiwa, akiwa na mimba ya wiki arobaini na moja na siku tatu, kwamba mtoto huja anapopenda, alisikiliza kwa heshima na hakuamini hata neno moja.

Aliyemwambia hivyo ni mama mkwe wake, Wilkister, ambaye alikuwa amefika Mugutha kutoka Ugunja wiki tatu kabla, na mabegi mawili, mfuko wa omena, dagaa wa ziwani, na unga wa wimbi wa kulisha shule. Alikuja kusaidia, na alisaidia sana. Alipanga jikoni upya. Alihamisha kitanda cha mjukuu wake, Akoth, kutoka dirishani hadi ukutani. Alimfundisha Waruguru kukunja nepi, kazi ambayo Waruguru alikuwa ameifanya mara elfu mbili hivi bila malalamiko kutoka kwa aliyevalishwa. Alimwita Nyar Thika, binti wa Thika, kwa sababu kwao mke huitwa kwa alikotoka, hata akiishi kwa mumewe miaka hamsini.

"Nyar Thika," alisema Jumamosi hiyo, akichambua omena kwenye sinia, "nani alikuambia mtoto anakokotwa kama ng'ombe aliyekwama matopeni?"

"Daktari, Mama. Skeni imeonyesha maji yamepungua. Nilazwe kesho, Jumatatu nianzishiwe uchungu."

"Maji! Mimi nimezaa saba na hakuna mtu aliyewahi kunipimia maji."

Waruguru alijua kwamba kati ya hao saba waliokua ni watano. Hakusema. Ukaidi wake ulikuwa na mipaka, mradi mipaka hiyo aiweke yeye mwenyewe.

Lakini maji ya skeni hayakuwa kiini cha ugomvi. Kiini kilikuwa jina. Kwa kina Wilkister mtoto huweza kuitwa kwa saa aliyozaliwa au kwa hali ya hewa iliyompokea, na Akoth aliitwa Akoth kwa kuwa alizaliwa mvua ikinyesha. Mvua yenyewe ilikuwa manyunyu ya Julai, yale ambayo watu wa Ruiru hata hawaanulii nguo. Waruguru alijaribu kulieleza hilo kwa simu, akiwa amelala na nyuzi za kushonwa, na sauti kutoka Ugunja ikamjibu kwamba mvua ni mvua. Katika uzazi ule wa kwanza alinyamaza kwa kila jambo. Alikaa na uchungu saa kumi na tisa bila kupiga kelele, kwa sababu aliambiwa mwanamke anayepiga kelele anaaibisha ukoo, na baadaye akasifiwa sana na watu ambao hawakuwepo.

Ndipo mumewe, Odhiambo, akamwahidi. "Wa pili ni wa kwenu. Akiwa msichana, ataitwa mama yako."

Mama yake aliitwa Ngina. Alitoka Thika, akachuma kahawa katika mashamba ya Ruiru hadi mashamba yakageuka mitaa ya nyumba za kupanga, na akafa miaka miwili iliyopita, akiwa na mtoto mmoja tu duniani, naye ni Waruguru. Kwa Wagikuyu jina la bibi hurudi kwa mjukuu. Lisipopita kwa Waruguru, halina njia nyingine ya kupita. Na Waruguru alikuwa na miaka thelathini na tisa, tena alikuwa ameshatangaza kwamba baada ya huyu duka linafungwa. Skeni ilisema ni msichana. Kwa hesabu yoyote ile, huyu ndiye Ngina, au Ngina hayupo tena.

Wilkister naye alikuwa na hesabu yake. Alipomaliza omena alijifuta mikono, akashusha sauti. "Nimeota. Ajwang amekuja, mama mkwe wangu mimi. Amekaa hapo mlangoni, anaomba maji. Mtu aliyekufa akija hivyo, anataka jina. Sasa ninyi mnataka mtoto atoke kabla hawajaelewana huko ndani? Atatoka kwa saa ya daktari. Saa ya daktari haina jina."

Waruguru alimgeukia Odhiambo. Odhiambo huendesha foklifti katika godauni moja hapo Ruiru na anaweza kupitisha tani mbili za vigae kwenye upenyo wa kukwaruza mabega. Kati ya wanawake hawa wawili hakupata upenyo.

"Si tungoje kidogo tu," alisema. "Hata siku mbili."

"Tungoje? Wewe umebeba nini?"

Odhiambo alienda kuangalia kama geti limefungwa.

Jumapili, wengine walipokuwa kanisani, Waruguru alifunga begi, akamwita dereva wa teksi aliyemzoea, akaenda hospitalini Thika. Aliacha karatasi mezani: Chakula kiko kwa sufuria ya bluu. Kwenye dirisha la kupokelea wagonjwa karani alimsukumia fomu ya kukubali kuanzishiwa uchungu.

"Mzee yuko wapi aweke sahihi?"

"Huyo mzee ndiye anazaa?"

Karani alimtazama, akatazama tumbo, akasukuma kalamu pia. Waruguru alisoma fomu yote, pamoja na sehemu ya hatari ambayo watu huiruka, kisha akatia sahihi.

Jumatatu saa moja asubuhi alikuja Sista Nzuki, mwanamke mfupi wa Kitui, mwenye miaka ishirini wodini na uso wa mtu asiyeshangazwa na lolote. Alimfunga mkanda tumboni wa kusikiliza moyo wa mtoto. Aliyeyusha kidonge kimoja katika chupa ya maji, akampimia kidogo kwenye kikombe.

"Hiki kila baada ya saa mbili."

"Ndiyo hiyo dawa?" Waruguru aliuliza. Kwa maneno aliyokuwa amesikia mtaani, alitarajia kitu chenye minyororo.

"Ndiyo hiyo. Ulitaka iwe na ladha ya soda?"

Kikombe cha kwanza hakikufanya kitu. Cha pili kilileta maumivu ya mgongo, aliyoyahesabu kuwa uchovu tu. Kati ya cha pili na cha tatu simu iliita; ni Odhiambo, na nyuma yake sauti ya Wilkister ikiuliza kama bado wanaweza kuacha. "Mwambie Mama mashine imeshawashwa," alisema Waruguru, akakata. Kikombe cha nne hakikuhitajika.

Uchungu wa dawa haupigi hodi. Ule wa Akoth ulikuja kama mgeni mwenye adabu, anayeanza na habari za nyumbani. Huu uliingia na viatu vyake na kukaa kitandani. Na safari hii Waruguru alipiga kelele. Alipiga kelele kwa ajili ya uchungu wenyewe, kisha akapiga nyingine za zile saa kumi na tisa ambazo hazijawahi kulipiwa. Aliita Ngai, Mungu wa kwao. Aliita maitũ, mama yake, kwa jina lake lote. Katika vitanda vya jirani watu waliacha mazungumzo.

"Mama, unatisha wenzako," alisema Sista Nzuki, akiangalia mkanda.

"Watishike! Wamekuja kuzaa, hawakuja kununua sukuma wiki!"

Mwanamke wa kitanda cha pembeni, aliyekuwa amebana meno tangu asubuhi, alifikiria hoja hiyo kwa muda mfupi, kisha akaanza kupiga kelele pia. Inasemekana ilimsaidia.

Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini alasiri mtoto alipotoka, kilo tatu na nusu, ngozi imekauka na kuchanika kidogo viganjani kama ya mtu aliyechelewa kutoka kwenye maji ya kuoga. Maji yaliyofuata yalikuwa machache, tena ya kijani. Sista Nzuki aliyatazama, akamtazama Waruguru.

"Ulifanya vizuri kutongoja," alisema, na hiyo ndiyo hotuba ndefu kuliko zote alizotoa siku hiyo.

Nje jua lilikuwa linawaka bila dalili yoyote ya wingu. Waruguru alihakikisha hilo dirishani kabla ya kukubali kushonwa.

Wageni waliruhusiwa kesho yake saa saba mchana. Wilkister aliingia mbele akiwa na chupa ya uji, Odhiambo nyuma akiwa na mfuko wa machungwa na uso wa mshtakiwa. Mtoto alikuwa analia. Wilkister alimpokea kwa mikono iliyojua kazi, akamwegemeza kifuani, na badala ya kumbembeleza akaanza kumwita, kwa sauti ya mtu anayeita majina darasani. Kwao mtoto akilia hutajiwa majina ya waliotangulia, mmoja mmoja. Atakaponyamaza, huyo ndiye aliyerudi.

"Ajwang! Kama ni wewe, nyamaza."

Mtoto alilia.

"Ajwang, nyar Alego, mama wa nyumba yetu! Nimekuona mlangoni. Nyamaza."

Mtoto alilia zaidi, akawa mwekundu. Wodi nzima ilikuwa imegeuka; mwanamke wa kitanda cha pembeni alisimamisha kijiko hewani.

"Labda ni mwingine," alinong'ona Odhiambo, kwa nia ya kusaidia.

"Wewe nyamaza. Si wewe ninayeita."

"Mama, nipe mtoto," alisema Waruguru.

Wilkister alisita, akampa. Waruguru alifungua kifungo, akamweka mtoto titini, na kabla hajashika vizuri akasema, wazi, wodi yote isikie: "Ngina."

Mtoto akanyamaza.

"Hiyo ni hila!" Wilkister alisema. "Umempa ziwa!"

"Nimempa, Mama. Na wewe ungempa, kama unalo."

Mtu alicheka, akajifanya anakohoa. Wilkister alikaza kanga kiunoni.

"Nyar Thika, yule mzee alikuja. Aliomba. Huwezi kumfungia mtu mlango."

"Sijafunga. Ulisema mwenyewe saa ya daktari haina jina. Basi mimi ndiye niliyeichukua hiyo saa, nikaiwekea sahihi, na jina nimelileta mimi. Ajwang akiwa na neno, aje ndotoni kwangu. Niko hapa, nimelala. Kwako anafuata nini? Wewe hukuwa na mimba."

Sista Nzuki alitokea wakati huo huo na kitabu cha taarifa za kuzaliwa chini ya kwapa. "Kitanda cha sita. Jina la mtoto?"

Watu watatu walimtazama Odhiambo. Odhiambo alitazama mtungi mwekundu wa kuzimia moto uliotundikwa ukutani, akayasoma maelezo yake kwa makini, hadi mwisho. Kisha akasema, bado akiutazama, "Niliahidi, Mama. Wa pili ni wa kwao."

"Sijakuuliza uliahidi nini," alisema Sista Nzuki. "Nimeuliza jina."

"Ngina," alisema Waruguru. "Andika hapo nikiona."

Sista aliandika. Wilkister alisimama akisoma kichwa chini, herufi moja moja, midomo ikitembea. Kisha alifungua chupa ya uji, akamimina kikombe hadi juu, akakiweka kwenye kabati la kando ya kitanda kwa kishindo.

"Mimi nyumbani nitamwita Ajwang," alisema.

"Mwite," alisema Waruguru, akichukua kikombe kwa mkono ulio huru. "Tutaona ataitikia lipi."