Kungwi wa Mtoni na Kanda za Wakorea

Mtoni nzima ilijua kuwa sinema ya Kihindi haihitaji mkalimani pale alipo Bi Mwanaheri. Kihindi chenyewe hakukijua hata cha kuombea maji, lakini wahusika wakishajitokeza tu, yeye alishajua nani atalia, nani atakula risasi akimkinga rafiki yake, na ndugu gani waliopotezana utotoni watatambuana kwa kovu. Hakosei. Kungwi huyo, bwana. Alikuwa akiwafunda wali wa Mtoni tangu Twaha, mwanawe wa pekee, hajaota meno, na mtu aliyesikia siri za ndoa zote zile hasumbuliwi na sinema.

Halafu zikaja kanda za Wakorea.

Alizileta Somoe, jirani wa ukuta mmoja, aliyekuwa akifanya usafi kwa mhandisi wa Kikorea huko Msasani. Kazi ya mhandisi ilipokwisha, mkewe alimwachia Somoe deki na boksi zima la kanda za video, akamkumbatia, akalia, akapanda ndege. Sasa Somoe deki anayo, tivii hana. Tivii alikuwa nayo Bi Mwanaheri, zawadi ya Twaha, ambaye alikuwa fundi wa kuchomelea mageti kule Manzese. Mambo yakaungana yenyewe. Deki ikahamia sebuleni kwa Bi Mwanaheri, na kila baada ya alasiri wanawake wakawa wanajaa mkekani, hata waliosema wamepita tu kuomba chumvi.

Rangi ziligoma kutoka, picha ikawa nyeusi na nyeupe. Maneno hakuna aliyeyaelewa hata moja. Somoe alijua kusema "ahsante" kwa Kikorea, basi kila mtu akisema ahsante mle kwenye kanda yeye anaruka, "Ahsante hiyo!" Yaliyobaki aliachiwa kungwi.

Wakawapa wahusika majina. Msichana wa nywele fupi, binti wa muuza samaki, akaitwa Kidosho. Kijana wa suti, mtoto wa nyumba yenye geti kubwa, akawa Msafi. Na mama yake Msafi, aliyekunja uso tangu anaingia, akaitwa Bi Mkunjo.

"Huyu ndiye mbaya wetu," Bi Mwanaheri alitangaza. "Atamtesa binti mpaka mwisho. Na huyu Msafi, tulieni muone, anatoa pete sasa hivi, kisha wimbo."

Kweli Msafi akatoa pete, pale pale mezani hotelini. Wanawake wakajiweka sawa kuupokea wimbo. Kidosho akaitazama pete, akairudisha upande wa pili wa meza, akaendelea kula.

"He!" alisema Somoe. "Kala chakula cha watu na pete kaikataa?"

"Anajivunga," alisema Bi Mwanaheri.

Hakuwa anajivunga. Alirudi kwenye duka la viatu alikoajiriwa, akafanya kazi, mvua zikanyesha, theluji ikaanguka, na siku aliyokuwa tayari alimfuata Msafi mwenyewe akamwambia amwoe. Hakuna wimbo. Hakuna aliyepigwa risasi. Wakaoana, na kanda za boksini ndiyo kwanza zimeguswa.

"Harusi imeshapita na sinema bado ndefu hivyo?" wanawake walishangaa. "Sasa watafanya nini?"

Bi Mwanaheri alicheka mpaka akashika mbavu. "Harusi? Hapo ndipo kazi inapoanza, wanangu! Muulizeni mie."

Mlangoni, ungo wa mchele mapajani, alikaa Najat, mke wa Twaha, akichekea upande wake. Alikuwa na miaka mitatu katika nyumba ile, hajazaa bado, na ulimi wake ulikuwa mfupi kwa mambo yake mwenyewe.

Siku moja ugomvi ukawaka mle kwenye nyumba ya geti. Msafi akamfokea mkewe, akatoka kwa hasira na gari lake. Bi Mkunjo akainuka, akaingia chumbani kwa Kidosho, akavuta sanduku, akatia nguo ndani, akalikokota hadi nje ya geti. Kidosho kasimama uani, machozi yanamlenga. Papo hapo umeme ukakatika.

"Mgao jamani!" walilia wanawake, kama waliofiwa.

Jioni hiyo, wakila kwa kibatari, Najat akasema polepole, "Jina langu limetoka. Chuo cha ukunga, Tanga. Miaka miwili."

Twaha akaliweka tonge chini. "Mke wa nani huyo anayekwenda Tanga miaka miwili?"

"Wako."

"Basi achague, chuo au mie." Akamgeukia mama yake. "Mwambie, mama."

Bi Mwanaheri akamwambia alichowaambia wali wote. "Mwanangu, mwanamke ni nyumba yake. Zaa kwanza, mengine yatakuja." Najat akakusanya vyombo.

Kesho yake umeme haukurudi, lakini wanawake walikuja vilevile, wakae wabishane. Bi Mwanaheri akawamalizia hadithi: Kidosho atapiga magoti getini, mvua itamnyeshea, mkwe hatafungua. Mwisho atazaa mtoto wa kiume, asamehewe.

"Na asipopiga magoti, mama?" Najat aliuliza kutoka mlangoni.

"Atapiga. Ataenda wapi?"

Umeme uliporudi, hakuna aliyehitaji kuitwa. Geti lilelile, sanduku lilelile. Bi Mkunjo akarudi ndani. "Mnaona? Anafunga," alisema Bi Mwanaheri. Bi Mkunjo akatoka tena, kavaa koti na viatu, mkononi kashika sanduku la pili. La kwake. Akamshika Kidosho mkono, wakaondoka pamoja, wakapanga chumba kimoja chenye dirisha dogo, wakawa wanakula tambi huku wanacheka. Msafi alirudi akakuta nyumba tupu, akapika wali, akauunguza.

Sebule ikalipuka. Somoe aliangukia tumbo. Najat alicheka naye, kisha Bi Mwanaheri alipomtazama vizuri akaona anajifuta macho kwa ncha ya khanga, na si kwa kicheko.

Asubuhi Bi Mwanaheri alimwahi Twaha kabla hajaenda Manzese.

"Mkeo aende chuo."

"Wewe, mama? Wewe unayewaambia watoto wa watu watulie kwa waume zao?"

"Ndiyo mie."

"Sinema za watu zimekuharibu."

"Sinema imenikosesha usingizi tu. Twaha, ulikaa vibaya tumboni. Bibi zako walishaanza kuninong'onezea shahada, wakijua nakata roho. Akaletwa mkunga, akakugeuza, akakutoa. Yule alikuwa mke wa mtu. Mumewe angesema achague, mie na wewe tungekuwa makaburini."

Twaha akavaa viatu bila soksi, akatoka.

Bi Mwanaheri ndiye aliyemsindikiza Najat stendi. Alimbebea begi dogo na chapati za njiani, na muda wote alikuwa akigeuza shingo kule wanakoingilia watu. Kwa sinema anazozijua, hapo mume hutokea mbio, jasho linamtoka, basi linasimamishwa.

"Unamtafuta nani, mama?"

"Simtafuti mtu. Panda, utakosa dirisha."

Basi likaondoka. Twaha hakutokea.

Maneno yakazagaa kwamba kungwi kavunja ndoa ya mwanawe. Nyumba moja iliyokuwa imemtaka amfunde binti yao ikatafuta kungwi mwingine. Lilimuuma, asikudanganye mtu. Twaha naye akawa anakula kwa mama lishe Manzese na kurudi kulala tu, shikamoo ya kuibia.

Mwezi wa pili tangu Najat aondoke ukaingia. Jumamosi moja, Bi Mwanaheri yuko uani anasuka ukili, Twaha akaja akasimama. Alikuwa amenyoa ndevu na amevaa shati la Idi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akakuna kisogo. "Hivi Najat anapenda halua ya aina gani?"

"Umeoa wewe, unaniuliza mie?"

"Nimesahau kumuuliza."

"Basi nenda kamuulize," alisema Bi Mwanaheri, akaukata ukili kwa meno. "Na ukifika Tanga usijifanye umepita tu. Mwambie umemfuata yeye."