Buni Kumi na Tano

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuogopa hesabu inayobadilika. Kugawanya nilijifunza mwenyewe, bila uhakika, kwa hiyo kila siku niliwapa watoto wa darasa langu punje zile zile kumi na mbili za buni, wazigawe kwa watu watatu.

Mkaguzi Mwingereza alipopanda mlimani kwetu Nkoaranga kuamua kama ninafaa ualimu, alimpa Anaeli, mwanafunzi wangu hodari, punje kumi na tano awagawie watu watatu. Anaeli akawagawia wenzake watatu nne nne, tatu zilizobaki akazirusha dirishani.

"Mbona unazitupa, binti?"

"Umezidisha, Bwana. Kila mtu hupata nne. Muulize mwalimu."

"Nne!" darasa zima likaitikia, likinitazama kwa fahari.

Nimepewa muhula mmoja tu wa majaribio. Sasa nachota buni bila kuzihesabu, nasubiri jibu pamoja nao.