Ng'ombe wa Mzee Anasikia Kila Tunachoongea

Admin, naomba ufiche jina langu na picha yangu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na moja, nina watoto wawili, nimeolewa huku Hanang upande wa Gitting, tunalima mahindi na maharage. Naandika nikiwa nimekaa katikati ya mahindi kwa sababu nyumbani kwangu siwezi tena kufungua mdomo. Najua wapo watakaonicheka. Chekeni tu, ila mkimaliza mnisaidie.

Kwetu Wairaqw, mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote kwake. Anampa huyu mmoja, yule mmoja, wamtunzie. Wewe unakunywa maziwa na mbolea ni yako, ndama ni wa mwenyewe. Kupewa ni heshima, na kumrudisha bila sababu ni kutangaza ugomvi. Sisi tulipewa na mzee jirani, nitamwita Mzee tu, mwaka ambao mdogo wangu wa kike aliolewa na mwanawe. Tulifurahi jamani! Ng'ombe mpole, ana maziwa mengi, tukamfunga nyuma ya ukuta wa mbao wa jiko, maana huku kuna baridi na wezi wapo.

Ndoa ya mdogo wangu ikawa kipigo. Mume wake alimvunja mkono, akaapa siku nyingine atamalizia kabisa. Mdogo wangu akatoroka na mtoto wake mchanga, nikamficha kwa mama yetu mdogo, mjane, huko mbali tambarare. Mzee hakugomba. Anapita hapa na koti lake jeusi, namwambia, "Shikamoo baba," anaitikia, "Marahaba mwanangu, pole na mawazo," anatabasamu, anakwenda zake.

Nilianza kushtuka pale nilipomwambia mume wangu jikoni kwamba nitakwenda ustawi wa jamii kushtaki kile kipigo. Kesho yake Mzee akanisimamisha njiani. "Mwanangu, nasikia mtu wa ustawi kasafiri, usipoteze nauli." Nikamvaa mume wangu, nikamwita mmbea, akaapa hajasema kwa mtu. Maskini, nilimwonea bure.

Basi nikajaribu. Asubuhi moja nakamua peke yangu, watoto wako shule, nikasema polepole, "Mungu wangu, nina mimba tena." Uongo mtupu. Ng'ombe akaacha kucheua, akatulia tuli. Kabla ya mchana Mzee huyo mlangoni. "Hongera mwanangu. Sasa usibebe kuni nzito." Nilihisi mkojo unanitoka, sitanii.

Angekuwa mchawi wa kuruka na ungo tungemwogopa wote, tungeita maombi. Huyu hana tunguri, hana hirizi. Uwezo wake ni huo mmoja mdogo tu, kusikia kwa masikio ya ng'ombe wake. Halafu nikaanza kufikiria nyumba zinazomtunzia. Jirani yangu, balozi wetu wa nyumba kumi, hata kwa mwinjilisti yupo mmoja. Ndiyo maana kwenye vikao hashindwi, anajua kila mtu atasema nini. Sasa mimi nimwendee nani?

Nikamvuta mume wangu mpaka huku shambani, nikamweleza yote. Akacheka mpaka akakaa chini. "Mama watoto, masikio ya ng'ombe ni ya kufukuzia nzi." Jioni tuko jikoni tunakunywa uji, akageukia ukuta akapaza sauti, "Wewe ng'ombe! Shemeji yangu yuko kwa mama mdogo!" Akataja na kijiji. "Haya, kamwambie bwana wako!" Nilimrukia nimzibe mdomo, nikachelewa. Uji ukatumwagikia, mwenzangu bado anacheka. Mimi nililia.

Nilitegemea mume wa mdogo wangu atapanda pikipiki akamfuate. Hakwenda. Nikaanza kujidanganya kwamba labda kweli ni mawazo yangu tu. Jana akanipigia mama mdogo, furaha tupu.

"Mwanangu, Mungu kamkumbuka mjane! Kuna baba mmoja wa huko kwenu kaniletea ng'ombe na ndama wake nimtunzie."

"Baba gani?"

"Mpole sana, ana koti jeusi. Mdogo wako alikuwa kisimani, hawakuonana. Wala hakuuliza habari za mtu. Kasema tu ng'ombe huyu amezoea kulala karibu na watu, nimfunge ndani."

"Mama, uko wapi sasa hivi?"

"Si namkamua! Simu nimeibana begani."

Nikasikia maziwa yanavyolia kwenye ndoo. Nikakata simu.

Pale kijijini Mzee na mwanawe hawatamgusa mdogo wangu, majirani wa mama mdogo ni Wabarabaig na hawakubali mgeni aje kupiga mwanamke mbele yao. Ila mdogo wangu anapanga kuondoka wiki hii na mtoto aende mjini kwa rafiki yake. Wakiongea siku na njia atakayopita karibu na huyo ng'ombe, mume wake atamngoja porini. Laini yake aliitupa siku alipotoroka. Simu iliyopo ni ya mama mdogo, na mama mdogo hajui kusoma, kila meseji mdogo wangu anamsomea kwa sauti. Hata nikianza na "usisome kwa sauti", maneno hayo yenyewe yatasikika, na Mzee atajua kwamba najua. Kwenda mwenyewe nimejaribu leo. Nimemkuta shemeji yangu, huyo huyo mume wake, stendi amekaa juu ya pikipiki, akaniuliza, "Dada, safari ya wapi? Nikupeleke?" Nimegeuza, nimerudi huku shambani.

Ndugu zangu, nimfikishieje mdogo wangu neno bila kulitamka? Nishaurini haraka, nifanye nini? Na tafadhali, hata wanaonifahamu, msinipigie. Andikeni tu.