Radhi Aliyoifuata Awadhi

Abbasi wa Ipuli ni fundi wa magodoro ya pamba. Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake, na mjini Tabora, ambako sasa karibu kila mtu hulalia sponji, wanaoijua wamebaki wachache. Pamba huiagiza kutoka Puge, huichambua kwa mikono, huianika, kisha huishindilia katika kitambaa na kukishona kwa sindano ndefu. Ni mtu wa maneno machache, asiyekosa sala ya jamaa, na katika maisha yake amekuwa na rafiki mmoja tu wa kweli: Awadhi, mwenye duka la vyombo.

Babu zao walifika pamoja na misafara iliyotoka pwani, wakajenga nyumba zilizopakana. Wao wenyewe walisoma chuo kimoja cha Kurani, na msikitini walizoea kusimama bega kwa bega. Kwa hiyo Awadhi alipomposea mwanawe, Fikiri, binti wa Abbasi aitwaye Anifa, hapakuhitajika mashauri marefu. Wazee waliitwa, posa ikapokewa, na Awadhi akatamka mbele yao, "Kuanzia leo Anifa ni binti yangu." Uchumba ulidumu miaka miwili, Fikiri akimalizia nyumba. Katika muda huo Anifa, ambaye ni muuguzi, alipata kazi Kigoma akaikataa, kwa kuwa Awadhi hakupenda mkwewe aende mbali.

Ndipo asubuhi moja Awadhi alipokuja kusema kwamba ameswali istikhara, ile sala ya kumwomba Mungu amwonyeshe mja lililo la heri, na kwamba usingizini ameona maji ya kisima yakigeuka tope.

"Mungu hakuitaka ndoa hii, ndugu yangu. Mimi ni nani hata nibishe?"

Kabla ya mwezi kwisha Fikiri alimwoa binti wa mwenye malori wa Nzega.

Mtu akikuvunjia ahadi, waweza kumlaumu. Lakini Awadhi alikuwa amejificha mahali ambapo lawama ya Abbasi haikuthubutu kufika. Kumkasirikia yeye kulionekana kuwa ni kumkasirikia Mungu. Abbasi akanyamaza, akamtaka binti yake naye anyamaze.

"Baba," Anifa alimwuliza, "utotoni ulinichapa nilipodanganya. Ningekwambia nimeota Mungu ameniamuru kudanganya, ungeiacha fimbo?"

"Ningekuongezea."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu Mungu haamrishi uongo."

"Na kuvunja ahadi, je, huamrisha?"

Abbasi aliinamia pamba yake akaendelea kuichambua. Tangu utotoni aliamini kwamba jema ni lile alilolitaka Mungu, wala hakuwahi kuona haja ya kuuliza zaidi. Sasa aliona kwamba, kama ndoto ya mtu mmoja yatosha kuigeuza hiana kuwa haki, basi kusema kwamba Mungu ni mwadilifu ni kusema neno tupu. Tena istikhara huswaliwa na mtu ambaye bado yuko huru kuchagua. Awadhi alikwisha kuchagua, mbele ya wazee. Ni mtu gani huswali kuuliza kama atimize neno lake?

Mwaka uliofuata Awadhi alijaliwa kwenda kuhiji. Ni desturi yetu kwamba anayekwenda Makka hupita kwanza kwa jamaa na majirani kuwaomba radhi, kwa maana kosa la mtu kwa mtu halifutwi mpaka aliyekosewa asamehe. Kila nyumba ilimpokea. Ya Abbasi aliiacha iwe ya mwisho.

Mkewe Abbasi, Mwanamkuu, ndiye aliyemfungulia mlango.

"Karibu, shemeji. Umekuja mwenyewe au umeoteshwa?"

"Ah, shemeji, niache nipumue," Awadhi alisema, akajaribu kucheka. Akaketi mkekani. "Abbasi, nasafiri. Kama kuna lolote nililokukosea, nisamehe kwa ajili ya Mungu."

"Lipi?"

"Lolote."

"Hilo lolote silijui. Litaje."

Awadhi alizungusha kikombe cha kahawa mkononi. "Ile habari ya watoto."

"Ile uliniambia ni amri ya Mungu. Sasa waniomba mimi nisamehe amri ya Mungu? Nimekuwa nani?"

"Usinichezee maneno, bwana. Nipe radhi niende."

"Sikuchezei. Ikiwa ni Mungu aliyetaka, hukunikosea, na radhi yangu haina kazi. Ikiwa ni wewe uliyeyataka malori, sema, 'Nilitaka mimi,' nami nitakusamehe kabla hujaimaliza kahawa hiyo."

Mwanamkuu, aliyekuwa akivuka ua, alisimama. Awadhi alifumbua kinywa, na kwa kitambo kidogo ilionekana kwamba atasema. Kisha akakiweka kikombe chini.

"Mungu ndiye ajuaye," alisema, akavaa viatu akatoka.

Ijumaa, baada ya sala, imamu aliwaombea mahujaji akiwataja mmoja mmoja. Abbasi, ambaye safari hii alikuwa ameketi safu ya nyuma, aliinua mikono na kuitikia amina kwa kila mmoja. Lilipotajwa jina la Awadhi aliishusha mikono juu ya magoti, na waliokuwa karibu naye waliona. Habari hiyo ilimfikia Anifa kabla baba yake hajarejea nyumbani.

"Kwa hiyo hujamsamehe, baba?"

"Hajaniambia amefanya nini," Abbasi alijibu, akaomba maji ya kunywa.