Kijiko cha Alfajiri, Kijiko cha Magharibi

Juzi, kwenye dirisha la dawa la zahanati moja huku Kisauni, mbele yangu alisimama mama mkimbizi kutoka Ethiopia, amembeba mtoto anayechemka homa. Kiswahili hakijui. Mtoa dawa alimwinulia vidole viwili.

"Kijiko kimoja, mara mbili kwa siku!"

Mama akatikisa kichwa kukubali, kisha akaigiza kumnywesha mtoto vijiko viwili papo hapo, kimoja baada ya kingine.

"La! Utamdhuru!" Mtoa dawa akarudia maneno yale yale kwa kelele, na foleni nzima tukamsaidia kupiga kelele.

Bibi mmoja wa buibui akapenya. "Nyamazeni, wanangu. Hamuoni tasbihi mkononi mwake?" Akainua mikono masikioni kama anayeanza kusali. "Alfajiri, kijiko kimoja. Magharibi, kijiko kimoja."

"Fajr," mama akasema, kidole kimoja juu. Akangoja kidogo. "Maghrib." Kidole kimoja tena.

"Alhamdulillahi," akasema bibi, na sote tukashusha pumzi.

Mama yule angalau alionyesha alichoelewa. Sisi wenye Kiswahili chetu huitikia "sawa", tukaenda kubahatisha nyumbani.