Rafu Moja ya Viungo, na Visiwa vya Watu

Mavyaa wangu alikuja Minnesota kusaidia. Nalisema hili mapema, kwa sababu sijasikia bado mtu aliyevuka bahari akaingia nyumba ya wenzake kwa nia nyingine. Alishuka ndege na mabegi mawili, moja la nguo na moja la viungo, pamoja na mbuzi ya kukunia nazi iliyofungwa ndani ya leso. Siku ile ile aliomba rafu moja tu kando ya jiko aweke makopo yake. Nikamwambia, karibu mama, nyumba ni yako. Mombasa tunayasema maneno hayo kila siku, na mpaka hapo sikuwa nimemwona mtu aliyeyachukua kama yalivyo.

Baada ya rafu ikafuata droo ya vijiko, maana viungo havichotwi kwa vidole. Kisha jiko lenyewe. Mashine ya kuoshea vyombo aliikagua, akaona haitakasi, akaigeuza ghala la vitunguu. Hata kile kidude cha ukutani cha kupandishia joto kilikuwa chini ya mamlaka yake, na theluji ikiwa bado nje sisi ndani tulikaa na fulana.

Jioni moja nilirudi kutoka kazini, ghala la vipuri huku mjini Savage ninakopokea mizigo, nikataka chai. Nikafungua kabati, sukari haipo. Ikabidi nimuulize.

"Kaa, mwanangu," akaniambia, "n'takuletea."

Nikakaa kwenye kiti changu, jikoni kwangu, nikaletewa sukari yangu kwa kijiko.

Nilipomlalamikia mume wangu alinitazama kama niliyepewa zawadi nikailalamikia karatasi yake. "Si ana-help tu? We unachoka na hizo shift, mama anapika, watoto wanakula. Shida iko wapi?"

Shida ni kwamba ruhusa ya mama ya kukaa ilikuwa inakaribia kwisha, na mume wangu alitaka tumwombee nyongeza. Alikuwa akingoja neno moja tu kwangu: sawa. Mimi nilitaka jiko langu. Lakini mkaza mwana wa Mombasa hamwambii mavyaa wake aende zake. Humpikia vibaya mpaka aelewe, na mimi hata huko kupika nilikuwa nimeshanyang'anywa.

Ndipo binti yetu akarudi kutoka shule na kazi ya mdahalo. Swali lilikuwa: je, Marekani ilifanya haki kuvichukua visiwa vya mbali baada ya kupigana na Uhispania? Kura ilimpa upande wa ndiyo, naye alitaka mtu wa kufanya naye mazoezi. Mtoto huyu anasikia Kiswahili chote, ila hujibu kwa Kiingereza hata ukimuuliza kama amekula. Nikamwambia mimi nitakuwa mpinzani wake. Nilikichukua kitabu chake nikawa nakisoma ndani ya gari saa ya chakula cha mchana.

Kumbe mambo yalianzia karibu. Pale mito yetu miwili inapokutana, jirani na uwanja wa ndege, Wadakota, wenyeji wa asili wa hapa, waliombwa kipande cha ardhi cha kujengea ngome, na leo waulize Wadakota wamebaki na nini. Bara lilipokwisha, likabaki maji. Viwanda vinatoa bidhaa, wakulima wana ngano, wanunuzi wa nyumbani hawatoshi, basi wakubwa wakaanza kutazama masoko ya ng'ambo. Soko la ng'ambo linataka meli, meli ya vita ije iilinde ile ya biashara, na zote mbili siku hizo zilikula makaa. Anayetaka kufika Uchina lazima awe na mahali pa kupakia makaa njiani. Kisiwa kidogo tu. Rafu moja.

Hawaii, wenye mashamba ya sukari walimpindua malkia wa watu, na baada ya miaka michache bendera ya Marekani ikapandishwa. Sukari tena, nikajisemea. Kuba walikwenda kuwasaidia wenyeji kumtoa Mhispania. Walisaidia kweli, halafu wakataka iandikwe ndani ya katiba ya Kuba kwamba wakiona haja watarudi, na kuna ghuba moja ambayo hawajaiachia hadi leo. Wafilipino walikuwa wameshatangaza uhuru wao wenyewe. Mhispania akaiuza nchi yao kwa dola milioni ishirini, mnunuzi akasema hawa hawajawa tayari kujitawala, na waliokataa akawapiga vita. Vijana wa hapa hapa Minnesota walipelekwa Manila. Nilikifunga kitabu na hasira ambayo, nikisema kweli, haikuwa yote ya Manila.

Jumapili tulifanya mazoezi mezani. Mavyaa alikuwa amepika pilau, na mjukuu wake akamfanya jaji. Binti akaanza, kwa Kiingereza chake cha shule. Wenyeji wangeletewa barabara na shule. Marekani isingechukua, angechukua Mjerumani. Na kuna watu wanahitaji wa kuwapangia mambo mpaka wajue wenyewe.

Nikasimama. Mdahalo wa mezani hauhitaji kusimama, lakini nilisimama.

"Mwizi wa dirishani anajulikana," nikasema. "Wa hatari ni anayeingia mlangoni na zawadi mkononi. Anaomba mahali padogo pa kuweka makaa yake. Kesho makaa hayakai bila bandari. Keshokutwa bandari haikai bila sheria. Mwisho wake mwenye nyumba anaomba sukari yake mwenyewe, na anaambiwa akae, ataletewa."

Binti yangu alipekua karatasi zake akitafuta sukari. Mume wangu aliitazama nyama kwenye sahani kama aliyeiona kwa mara ya kwanza.

Mavyaa akafuta vidole taratibu. "Hao Wafilipino," akamuuliza mjukuu wake, "waliwaita Wamarekani?"

"No, Bibi."

"Mimi niliitwa." Akanigeukia. "Ulinipigia simu mwezi wa Ramadhani, unalia. Ukasema, mama, watoto wanakula vya baridi, mimi siwezi tena. Nikafunga nyumba yangu nikaja. Kama wataka niende, ungeniambia mimi. Usingewasumbua Wafilipino."

Niliona haya mpaka masikio yakaniwaka. Kila neno lilikuwa kweli, na simu ile nilikuwa nimeshaisahau kabisa. Alikuwa ananitazama, anangoja. Neno lililotakiwa lilikuwa "kaa", na lilikuwa tayari mdomoni. Nikalitafuna pamoja na pilau.

"Haya," akasema. "Mwenda kwao si mtumwa. Mwanangu, nikatie tiketi." Kisha akaniongezea nyama.

Shuleni binti yetu alishinda. Mwalimu alimsifu hasa kwa hoja ya Kuba, kwamba kule kulikuwa na waliopiga kelele za kuomba msaada. Binti hakumwambia hoja ameitoa wapi.

Tulimpeleka mama uwanja wa ndege tukaipita ile ngome, na hakuna aliyeitaja. Begi la viungo lilirudi tupu. Asubuhi ile nilimletea mbuzi yake imeshafungwa, akaisukuma pembeni. "Hii wacha. Ikae pale pale, nikija n'taikuta." Nikairudisha kwenye rafu.

Uhuru ulikuwa mtamu kwa siku mbili. Nilirudisha sukari mahali pake pa zamani, nikatoa vitunguu kwenye mashine. Siku ya tatu nikaona kwamba makopo alipoyaweka yeye ndipo yanaposhikika, nikayaacha. Vitunguu pia vikarudi. Nilimkumbuka mama kwa uchungu, na hilo liliniudhi kuliko alivyoniudhi alipokuwepo.

Majira ya baridi mdogo wangu wa Oakdale alijifungua. Alinipigia simu analia, watoto wakubwa wanakula vya baridi. Nikachukua likizo, nikamchukua binti yangu, nikafunga viungo kidogo na ile mbuzi ndani ya leso. Nilipofika niliomba rafu moja tu. Mdogo wangu akasema, karibu dada, nyumba ni yako.

Jikoni kwake hakukuwa na mpango wowote, jambo ambalo nililisema kwa upole. Kabla wiki haijaisha, shemeji alirudi kazini amechoka, akafungua kabati hili na lile, kisha akanijia kwa adabu.

"Samahani, dada. Sukari mmeiweka wapi?"

"Kaa, shemeji," nikamwambia, "n'takuletea."

Binti yangu aliinua macho kutoka kwenye simu yake, akaitazama rafu, akanitazama mimi. Halafu, kwa Kiswahili, mbele ya shemeji yangu, akauliza:

"Mama, tunarudi kwetu lini?"