Mtungi Uliogoma Kuvunjika

Sokoni walimwita Mama Chuma, na jina hilo hakupewa bure. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye nyayo pana, na mitungi yake aliiuza kwa miguu. Akija mnunuzi wa kusitasita, hakubishana naye. Aliufudikiza mtungi chini, akavua ndala, akaupanda, akasimama juu yake mikono kiunoni na kuuliza habari za nyumbani.

"Watoto hawajambo? Na baba yao je?"

Mtungi kimya. Mnunuzi naye kimya. Biashara imekwisha.

Kazi ya kufinyanga alifunzwa uani na mama mkwe wake, siku zilezile wifi yake naye alipokuwa akifunzwa. Mama mkwe alikuwa na desturi moja: kila mtungi uliotoka motoni aliugonga kwa kifundo cha kidole, akautegea sikio. Mtungi mzima hujibu kama kengele. Wenye ufa hujibu kama mtu mwenye mafua. Siku moja, baada ya kusikiliza sana, alitoa hukumu.

"Wa mwanangu una sura. Wa mkwe wangu una mfupa."

Maskini mama yule alidhani amewasifu wote wawili. Kumbe alikuwa amepanda vita, naye akafa akaviacha vikistawi. Tangu hapo wifi mtu alizidisha sura: midomo ya mitungi yake aliipamba kwa kuibonyeza uzi wa shanga. Mama Chuma alibonyeza kucha zake tu, nusu mwezi baada ya nusu mwezi, kama mtu anayetia sahihi huku akitazama kwingine. Mtaa mzima uliweza kuzisoma alama hizo.

Ndipo akaja mwongozaji wa tamthilia, mwanamume mwembamba aliyevaa kofia hata akiwa ndani ya nyumba. Alitaka mtungi wa maji, wa kufinyangwa kwa mkono. "Nchi nzima itauona, mama," alisema. Kabla hajamaliza kukunja kiti alichokalia, soko lote lilikuwa limeshapata habari kutoka kinywani mwa Mama Chuma mwenyewe. Hapo ndipo alipokumbuka kuuliza:

"Na humo kwenye mchezo utafanya nini?"

"Utavunjika. Mke anagundua mumewe ana nyumba ndogo, anautupa miguuni pake. Vipande vipande! Hapo ndipo roho ya mchezo ilipo."

Mama Chuma alirudi nyumbani kama aliyemeza jiwe. Mumewe, fundi cherehani, hakuliona tatizo.

"Si uufanye mwembamba, uuchome nusunusu? Ni maigizo tu, mke wangu."

"Kwako ni maigizo. Kesho yake nikipanda juu ya mtungi sokoni, nani ataniamini? Wataniambia, shuka mama, tulikuona kwenye televisheni."

"Sasa utafanyaje?"

"Hautavunjika."

Fundi cherehani alikuwa na sifa nyingi njema, ila mdomo wake haukuwa na mfuniko. Na dada yake aliishi upande wa pili wa uzio wa mabati.

Mama Chuma alitwanga vigae vya zamani mpaka vikawa unga, akauchanganya kwenye udongo mara mbili ya kawaida. Alifinyanga bila kuimba. Kuna wakati udongo umeacha kuwa tope na bado haujawa chombo. Unatulia chini ya kiganja, unasubiri kuambiwa uwe nini. Wafinyanzi wengi wakati huo huwaza maji, au chakula, au watoto. Yeye aliwaza sakafu. Alijaza unene kitakoni, akaupunguza shingoni ili jicho lisishuku. Ulipotoka motoni aliugonga, nao ukalia hata jogoo wa jirani akageuza shingo.

Siku ya kupiga picha, watu wa televisheni walikodi nyumba yenye sakafu ya vigae vyeupe. Mwigizaji, binti mrembo mwenye machozi ya karibu, alilia vizuri, akauinua mtungi, akautupa.

Ndu!

Mtungi ulibiringika mpaka kwenye miguu ya mume msaliti, ukatulia pale kama paka. Wakarudia. Ndu! Safari hii kilichopasuka ni kigae cha sakafu.

"Mama, tulikubaliana uvunjike!" mwongozaji alilalamika.

"Mwanangu, mimi nilijua utatupwa kwa hasira. Huyu mke bado hajasalitiwa."

Mume msaliti akajaribu. Ndu! Mwongozaji mwenyewe akavua kofia, akaurusha kwa nguvu zote alizojaliwa, na mtungi ukarudi ukamkanyaga dole gumba. Hapo Mama Chuma alicheka mpaka mshika kamera akatetemeka, naye mama akatolewa nje.

"Tafuta mwingine!" mwongozaji alimfuata uani akichechemea. "Wa kuvunjika!"

"Kwa wifi yangu upo," alijibu upesi mno. "Laini kama biskuti."

Alikwenda karibu mbio. Moyoni aliziona shanga za wifi yake zikitawanyika mbele ya nchi nzima. Wifi alimkabidhi mtungi uliokwisha kufungwa ndani ya gunia na nyasi kavu.

"Usiufungue njiani," wifi alisema kwa upole. "Una haya."

Mtu mwingine angejiuliza kwa nini mtungi unamsubiri akiwa hajauagiza. Lakini furaha ya ubaya hufumba macho. Alifika, gunia likapokewa mlangoni, naye akarudishwa uani na kicheko chake. Alisikia tu: chwaa! Kisha makofi.

Wake mwenyewe aliurudisha nyumbani. Barazani aliugonga kwa kifundo cha kidole, kwa mazoea tu. Ukajibu kwa mafua.

Alikaa nao mapajani kitambo, kama mtu aliyeletewa mgonjwa. Hakumwambia yeyote, sembuse yule asiye na mfuniko.

Jioni ya tamthilia sebule ya Mama Chuma ilijaa majirani hadi madirishani. Wifi alikaa mbele, ameoga, ametulia. Binti alilia, mtungi ukaruka, chwaa! Kamera ikainama taratibu sakafuni, na kipande kimoja cha mdomo wa mtungi kikajaza kioo kizima. Nusu mwezi, nusu mwezi, nusu mwezi.

"He!" alisema muuza mkaa. "Si kucha za Mama Chuma hizo? Na umepasuka kama yai!"

"Pole, wifi yangu," alisema wifi. "Televisheni haina adabu."

Mama Chuma alipima maneno. Akisema mtungi ule si wake, ataulizwa ulitoka wapi na nani aliukimbilia. Alimtazama mumewe, mumewe alikuwa akihesabu mabati ya dari. Na yule bwana, kwa kutaka kusawazisha mambo, akainuka na kuuburuta mtungi mwingine kutoka pembeni.

"Wake halisi huu hapa! Waliutupa mara nne, haukufa! Mke wangu, hebu panda wakuone!"

"Apande! Apande!" sebule ikadakia.

Mama Chuma alivua ndala moja. Ya pili ilichukua muda mrefu kuvuliwa. Wifi naye akainuka, akausogelea mtungi, na kwa desturi ya mama yake akaugonga, akautegea sikio.

Katika sebule nzima walikuwa wawili tu wanaoielewa lugha ile. Macho yao yakakutana. Wifi alikuwa na neno moja tu la kusema, "Panda," na vita vya maisha vingekwisha pale.

"Kaeni chini!" wifi aliwageukia majirani. "Mtu mzima apande mitungi sebuleni kama mbuzi? Mama yangu atafufuka! Huu mzima. Anayebisha anibishie mimi, niliyezaliwa uani kwenye udongo."

"Na ule wa televisheni?" muuza mkaa hakukubali.

"Ule wangu. Nilikuwa najifunza kucha. Nimeshindwa, umefurahi?"

Vicheko vilipokuwa vikitoka mlangoni pamoja na wenyewe, Mama Chuma alimvuta wifi yake kando.

"Kwa nini?"

"Ukianguka wewe, nitashindana na nani? Na kaka yangu? Huyo kila anachokijua nakijua." Wifi alijifunga nguo yake vizuri kiunoni. "Kesho unanikanyagia udongo. Wote."

Kulipokucha Mama Chuma alikuwa upande wa pili wa uzio, tope likimfika vifundoni. Wifi alikaa kivulini na mtungi mgonjwa mbele yake. Sasa ulikuwa wa kutwangwa, unga wake uingie kwenye udongo mpya.

"Kanyaga, wifi, kanyaga. Umezoea kusimama tu."

"Twanga wewe, acha maneno."

Wifi aliinua mchi, akaushusha kwa nguvu. Ndu!

Mtungi ulibiringika kidogo, ukatulia.

"Mshenzi huyu," wifi alisema, na sauti yake ilikuwa na heshima ndani yake. Akauinua mchi tena.